Kisomo cha Pili: Safari ya Bunda, Butiama na Musoma

Tulitoka Mwanza mara baada ya swala ya alfajiri, mimi na binti yangu aliye kidato cha tatu. Barabara iendayo Musoma hupita Magu na kufika Lamadi, mahali ambapo msafiri hupata neema mbili kwa wakati mmoja: kushoto kwake maji ya Ziwa Victoria, na kulia mbuga zinazoelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Siku nyingine ningemwonesha binti yangu nyumbu waliotapakaa upande ule. Siku hiyo sikuwa na moyo wa kuonesha mtu kitu. Sikuwa nakwenda kutembea. Nilikuwa nakwenda kuomba msamaha.

Ndugu msomaji, kisa chenyewe ni kifupi na ni cha aibu. Miezi michache nyuma, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, nilisambaza ujumbe uliosema kwamba mwenye shinikizo la damu akinywa maji ya majani fulani kwa siku 21 anaweza kuachana na vidonge vyake milele. Ujumbe ulibeba jina la daktari na la hospitali kubwa ya nchi ya mbali. Sikuusoma hadi mwisho. Niliupokea kwa rafiki, nikabonyeza, nikaendelea na shughuli zangu. Mama yangu mdogo, anayeishi Bunda, aliusoma hadi mwisho, tena mara mbili. Kesho yake akaviweka vidonge vyake kabatini. Hata siku 21 hazikutimia. Wajukuu walimkuta sakafuni akishindwa kutamka majina yao. Madaktari walisema ni kiharusi. Alhamdulillah, uhai na kauli vimerudi, lakini mkono wake wa kushoto haujarudi.

Bunda: msomaji wa mwaka 1973

Tulimkuta ukumbini, amekaa kitini, tasbihi mkono wa kulia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akamvuta mjukuu wake karibu na kuuliza habari za shule. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakanikauka. Nilipokwisha kusema niliyoweza kuyasema, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo daktari mimi simjui, wala sikumwamini. Niliamini jina lako lililokuwa juu ya ule ujumbe."

Sijapata kusikia lawama nzito kuliko ile, naye hakuikusudia kuwa lawama.

Kisha akanisimulia jambo ambalo, kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumuuliza. Alijifunza kusoma mwaka 1973, akiwa bibi harusi mchanga, katika darasa la kisomo lililokaa chini ya mwembe. Kitabu chake cha kwanza kilihusu kilimo cha pamba: namna ya kupanda kwa mistari, kupalilia na kupambana na wadudu. Alisoma jioni, akayafanya asubuhi shambani, na pamba ikakubali. "Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli," alisema. "Tulikuwa tukikisoma, tukikifanya, tunaona."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa safari yangu. Mama mdogo hakudanganyika kwa sababu hajui kusoma. Alidanganyika kwa sababu alifundishwa kusoma vizuri sana, katika zama ambazo maandishi yaliyomfikia mtu wa kijijini yalikuwa yamepita mikononi mwa mwandishi, mhariri, bwana shamba na mwalimu. Maandishi yalikuwa machache na yalikuwa na wenyewe. Leo ni mengi kuliko mvua ya masika, na mengi hayana mwenyewe.

Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba mkoa wa Mara una nafasi ya pekee katika historia hii. Kuanzia mwaka 1968, mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, ilichaguliwa kuwa mahali pa majaribio ya kisomo chenye manufaa, kwa ushirikiano wa serikali na UNESCO. Watu wazima hawakufundishwa herufi tupu; walifundishwa herufi pamoja na kazi yao. Mkulima wa pamba alisoma pamba, mvuvi alisoma uvuvi, mama alisoma malezi na lishe. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaenea nchi nzima. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 takriban 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa 39, na mwaka 1977 walikuwa 27. Ni mataifa machache yaliyowahi kupiga hatua ya namna hiyo katika miaka kumi.

Waliojua kusoma walihitaji cha kusoma, wasije wakasahau. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba za vijiji, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa likatoka gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Jina hilo lilibeba falsafa nzima: kwamba mtu hamalizi kujifunza siku anapopewa cheti. Miaka ya shida ya uchumi ilipokuja, fedha zikapungua, maktaba za vijiji zikafifia, na magazeti ya vijijini yakanyamaza. Kisha, kabla hatujajua nini kimetoweka, simu zikaingia.

Butiama: vitabu vya mzee

Kesho yake mama mdogo alitutaka twende Butiama. "Mpeleke mtoto akaone," aliagiza, kana kwamba yeye ndiye mwenye deni kwetu. Kutoka Bunda tulishika barabara ya Musoma hadi Kiabakari, tukakata kulia. Nchi ile ina vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, kama watu waliokaa barazani, na katikati yake mashamba ya mihogo na mtama. Kijiji kimekua; sasa ni makao ya wilaya yenye jina hilohilo.

Makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yalifunguliwa tarehe 2 Julai 1999, miezi mitatu na ushei kabla hajafariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Kaburi lake liko Mwitongo, nyumbani kwa wazee wake. Binti yangu alitazama nguo, zawadi na picha kwa adabu ya mgeni. Kilichomgusa ni habari ya vitabu: kwamba mtu aliyeongoza nchi kwa miaka zaidi ya ishirini alirudi kijijini na shehena ya vitabu, akaendelea kusoma mpaka mwisho wa umri wake.

"Baba, si alikwishamaliza shule?" aliuliza.

Nilimjibu kwa kisa cha vitabu viwili. Mwaka 1963 Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo Julius Caesar. Alikuwa rais wa nchi changa. Nani angethubutu kumsahihisha? Akajisahihisha mwenyewe. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka upya, imefanyiwa marekebisho, ikiitwa Juliasi Kaizari. Mtu mkubwa aliona kwamba kazi yake ya kwanza ingeweza kuwa bora zaidi, akarudi mezani. Huko ndiko kujifunza kusikokoma: kujua mambo mapya, na pia kukubali kuyarudia yale uliyodhani umekwisha kuyajua.

Nikamweleza na lingine, maana linawahusu watu wa Bunda. Inasimuliwa kwamba Burito, Mtemi wa Wazanaki, hakuwa na haraka ya kumpeleka shule mwanawe. Aliyemshauri ampeleke, baada ya kuiona akili ya kijana yule katika mchezo wa bao, ni Mohamed Makongoro, Mtemi wa Ikizu, nchi ambayo leo iko Bunda. Kijana akapelekwa Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Hutokea elimu ya mtu ikaanzia kwa jirani mwenye jicho, anayekaa karibu naye na kusema: huyu anaweza.

Binti yangu hakujibu. Lakini tulipokuwa tukitoka aliniuliza, "Na bibi Bunda, nani atakaa naye?"

Musoma: mlolongo wa wapokezi

Musoma ni mji uliojiegesha ziwani. Ukishuka kutoka Bweri kuelekea Mwigobero, upepo hukupokea kabla ya watu, nao huja na harufu ya dagaa walioanikwa. Hapa ndipo, Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa na kutoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto na kutaka elimu isitengane na kazi. Ni sadfa ya historia kwamba mwezi huohuo, huko Marekani, mtu aitwaye Paul Zurkowski aliandika taarifa iliyozindua msemo ambao wakutubi wa dunia nzima wanautumia mpaka leo, tunaoweza kuuita umahiri wa taarifa. Maana yake ni nyepesi: mtu ajue ni wakati gani anahitaji taarifa, aitafute wapi, aipime vipi, na aitumie kwa uadilifu. Mwaka 2005, wataalamu waliokutana katika maktaba mpya ya Alexandria nchini Misri walitangaza kwamba umahiri huo, pamoja na kujifunza maishani, ni haki ya msingi ya mwanadamu katika ulimwengu wa kidijitali. Yaliyozaliwa katika Novemba ile moja, Azimio letu na msemo wa Zurkowski, yalikuwa ndugu. Kwetu yalilelewa mbalimbali.

Baada ya swala ya adhuhuri, nje ya msikiti, nilijuana na mwalimu mstaafu aliyefundisha kisomo miaka ile ya sabini. Nilimsimulia yaliyotukuta, bila kujificha. Hakunipa pole. Aliniuliza swali: "Ujumbe ule ulipokea kwa nani?" Nikamtaja rafiki yangu. "Naye kwa nani?" Sikujua. "Basi wewe ni mpokezi usiyemjua mpokezi wako. Wanazuoni wetu wangekuitaje?"

Nilijua jibu, nikainamisha kichwa. Waislamu tunalo somo ambalo mataifa mengine walilichelewa. Wanazuoni wa hadithi walitumia umri wao kuchunguza mlolongo wa wapokezi: nani kasikia kwa nani, je, walikutana, je, kumbukumbu yake ilikuwa imara, je, alijulikana kwa ukweli. Mpokezi mmoja dhaifu aliweza kuidhoofisha habari nzima, hata kama waliobaki ni watu wema. Na Suratul Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha kuhakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya hiyo niliihifadhi utotoni. Sikuwahi kudhani kwamba inahusu kidole changu na kioo cha simu.

Tulikaa kwenye jiwe kando ya ziwa, sisi watatu. Mzee akamwambia binti yangu atoe simu na kuutafuta ujumbe ule. Mimi nilidhani ni kazi ya wataalamu. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa. Alinakili sentensi moja ya ujumbe, akaitia katika mtambo wa kutafutia. Zikatokea nakala nyingi za maneno yaleyale, za miaka tofauti. Katika nakala moja daktari alikuwa na jina hili na hospitali ile. Katika nyingine jina lilibadilika na hospitali ikahamia bara jingine. Majani nayo yalibadilika. Kisichobadilika ni ahadi ya siku 21 na ombi la mwisho la kuwasambazia wengine. Akalitafuta jina la daktari peke yake. Hakutokea popote ila ndani ya ujumbe wenyewe.

Mzee akacheka kidogo. "Unaona? Mtoto anajua kubonyeza, ila hakujua aulize nini. Mimi najua la kuuliza, ila sijui kubonyeza. Tukitenganishwa, wote wawili tutadanganywa."

Maktaba ifundishe nini?

Nchi yetu haikosi mahali pa kuwakutanisha hao wawili. Huduma za maktaba za umma ziliwekewa sheria mwaka 1963, na Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyonayo leo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Musoma nayo ina maktaba yake ya mkoa. Wengi wetu hudhani maktaba ni ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na akishafaulu hana haja nayo tena. Mama mdogo ana miaka zaidi ya sabini. Hajawahi kudhani kwamba mkutubi ni mtu anayeweza kumuuliza swali kuhusu vidonge vyake.

Mzee yule alinikumbusha namna kampeni ya Mtu ni Afya ilivyofanya kazi mwaka 1973. Redio ilikuwa teknolojia mpya ya vijijini. Serikali haikuiachia redio iseme peke yake. Watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo na kitabu chake chepesi. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Chombo, kikundi, kiongozi na kitabu: nguzo nne. Leo tumegawa chombo kwa kila mtu, tukasahau nguzo tatu zilizobaki.

Hebu tuwazie kisomo cha pili. Mara moja kwa wiki, katika maktaba, au mahali pasipo na maktaba, katika darasa la shule au madrasa baada ya saa za masomo, kikundi cha watu kumi na tano kinakutana, wazee na vijana pamoja, kila mmoja na simu yake mwenyewe. Mkutubi au mwalimu anaongoza. Hawafundishwi majina ya programu, kwani programu hubadilika kila mwaka. Wanafundishwa maswali, ambayo hayabadiliki:

Nani kasema? Ana jina, ana anuani, ana ujuzi wa jambo analolisema?

Kasema lini? Habari ya kweli ya miaka kumi iliyopita yaweza kuwa uongo leo.

Kasema wapi? Tovuti za ofisi za serikali yetu huishia na .go.tz, anuani iliyofanana nayo lakini ina herufi ya ziada ni mlango wa mwizi.

Nani mwingine kasema, asiyehusiana na wa kwanza? Nakala elfu za ujumbe mmoja ni shahidi mmoja tu.

Nani atanufaika nikiamini, na nani ataumia ikiwa si kweli?

Kuna na jambo jipya zaidi. Programu za akili mnemba sasa hujibu swali lolote kwa Kiswahili fasaha, na sauti ya mtu yaweza kuigizwa. Mama mdogo aliamini kilichoandikwa vizuri. Watoto wetu wataamini kinachozungumza vizuri. Ufasaha haukuwa ushahidi zamani, na hautakuwa ushahidi kesho. Programu hizo zaweza kumsaidia mtu kuanza kutafuta, lakini majibu yake nayo yapelekwe mbele ya maswali yaleyale.

Kisomo hicho kisiwe cha kuogofya tu. Simu hiyohiyo ina kheri nyingi ambazo familia nyingi hazijazijua. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake mtandao, na mzazi wa Bunda anaweza kumfungulia mwanawe kitabu ambacho shule yake ina nakala chache. Mkulima anaweza kutafuta bei, na mvuvi anaweza kutafuta hali ya hewa kabla hajaingia ziwani. Aliyefundishwa kuukwepa uongo tu hukaa kimya kwa hofu, ilhali aliyefundishwa kuutafuta ukweli hunufaika.

Najua pingamizi zipo. Vifurushi vya intaneti vina gharama, umeme hukatika, na wazee wetu wengi wana simu za vitufe. Lakini kisomo cha kwanza kilianza chini ya miembe, kwa taa za chemli, na walimu wengi walikuwa watu wa kujitolea. Kilichokuwepo wakati ule ni imani kwamba bibi wa kijijini anastahili kufundishwa. Imani hiyo haihitaji kifurushi.

Kurudi

Tulirudi Bunda jioni, kabla ya kushika safari ya Mwanza kesho yake. Binti yangu alikaa na bibi yake mkekani, simu katikati yao. Nilimsikia akisema, "Bibi, kwanza tuulize nani kasema." Bibi akalirudia swali kwa sauti, kama alivyorudia silabi za pamba miaka hamsini iliyopita. Alitumia mkono wa kulia; wa kushoto ulilala mapajani.

Usiku ule niliandika katika kundi la ukoo. Nilieleza kwamba ujumbe ule ulikuwa uongo, kwamba mimi ndiye niliyeuleta, na kwamba asiache mtu yeyote dawa bila kauli ya daktari anayemtibu. Wengine walinyamaza, na wengine waliniandikia faragha kuwa nimejifedhehesha bure. Wawili walikiri kwamba nao waliupeleka mbele, mmoja kwa watu wa kazini kwake, mwingine kwa majirani. Sijui uliishia wapi.

Wiki mbili baadaye, mmoja wa vijana wetu alileta katika kundi habari ya ajira zinazotolewa kwa malipo madogo ya fomu. Kabla sijamaliza kuisoma, ilitangulia sauti ya mama mdogo, maneno bado yakivutana kidogo kwa athari ya maradhi: "Nani kasema, mwanangu? Na lini?"

Kijana akaifuta. Allah ampe mama yetu shifaa, na atusamehe sisi tulioharakisha.